Mwito wa Dunguni

Habari ya kifo cha mama niliipata kwenye kundi la familia, katikati ya picha ya keki ya mtoto wa binamu yangu na mtu aliyekuwa akiuliza nani ana namba ya fundi wa mabati. Kaka yangu aliandika kwamba mama ametutoka asubuhi ile, tumwombee. Chini ya maneno akaweka picha. Mama alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba, shuka nyeupe imefika kifuani, kidevu kimefungwa kitambaa. Niliitazama, na kabla sijafikiri lolote, kichwa changu kikasema: maiti, hakuna damu, hakuna jeraha, ruhusu. Kidole kikasogeza, nikawa natazama kilichofuata.

Itabidi nieleze kwa nini kichwa changu kilisema hivyo, maana asiyejua atadhani nilikuwa na kisa na mama yangu. Sikuwa na kisa naye.

Nimepanga chumba Kibiti mjini, nyuma ya stendi. Ndani mna kitanda, meza, feni na kompyuta. Kampuni ninayoifanyia kazi sijawahi kuuona mlango wake. Hunitumia video na picha ambazo watu wamezilalamikia huko mitandaoni, mimi nazitazama na kuamua. Kuna kitufe cha kuruhusu na kitufe cha kuondoa. Basi limepinduka na watu wamelala barabarani. Kibaka anachomwa moto sokoni, na anayerekodi anacheka. Mtoto anapigwa kwa waya na mama yake mwenyewe. Ukimaliza moja inakuja nyingine, na ukikawia kuna saa kwenye pembe ya kioo inayokuonyesha kwamba umekawia.

Mwanzoni nilikuwa siwezi kula nyama. Baadaye nikaweza. Baadaye nikawa nakula huku natazama, mkono mmoja kwenye sahani na mmoja kwenye vitufe. Mama nilimwambia nafanya kazi ya kompyuta, naye alifurahi sana, akasema kazi ya kivulini si ya kuchezea, nimshukuru Mungu. Alikuwa amelima mpunga bondeni maisha yake yote, na kwa kipimo chake kila kazi isiyo na ruba ilikuwa kazi nzuri.

Basi siku ile nilifunga kompyuta, nikachukua bodaboda kwenda upande wa Ruaruke, kijijini kwetu. Nilikuwa na nia moja tu: nilitaka kumlilia mama. Nililiona hilo ni haki yake, kama sanda na maji ya kuoshea. Mwanamke amenizaa, amenilea peke yake baada ya baba kufa, hawezi kuondoka mwanawe wa kike akamtazama kwa macho makavu kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni. Nikiwa nyuma ya ile pikipiki nilijaribu kumkumbuka, ili machozi yaanze mapema. Nikakumbuka mikono yake. Nikakumbuka harufu ya kanga zake, moshi na nazi. Vyote vikaja vimetulia, kimoja kimoja, nami nikavipitisha.

Njiani simu ilikuwa inatikisika mfukoni. Tulipokwama kwenye tope, dereva akashuka kutafuta njia, mimi nikafungua. Walikuwa wameshamswalia, na mpwa mmoja alikuwa anarusha mazishi moja kwa moja ili ndugu walio mbali waone. Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini. Bibi yangu hakumwona mumewe akizikwa, na mama hakumwona wake. Mimi nilimwona mama akishushwa, nikawaona wanaume wakimpokea na kumlaza kwenye mwanandani, nikiwa nimesimama pembeni ya dimbwi huku nimeshika kofia ngumu kwapani. Picha ikaganda wakati wa kutupia udongo. Dereva akaniita, akasema kuna pa kupita.

Kwetu binti anayefika msibani hulia tangu barabarani. Wanawake walioko uani humsikia kabla hawajamwona, nao huinua vilio vyao kumpokea, wakamshika huku na huku. Niliposhuka kwenye pikipiki wote walikuwa wamenyamaza, wananisubiri nianze. Sikuanza. Shangazi akaja akanikumbatia, akalia peke yake begani mwangu, nami nikawa nampigapiga mgongo kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa na mama. Nikasikia mtu nyuma anasema watu wa mjini wana mioyo ya mawe. Sikukasirika. Nilitamani ningekasirika.

Usiku na mchana wa tanga vilipita hivyo hivyo. Nilikaa mkekani na wanawake. Waliokuja walinipa pole, nami nikasema nimeshapoa. Waliokuwa mbali walituma vikatuni vya mikono iliyokutanishwa na mishumaa inayowaka, ingawa sisi hatuwashi mishumaa. Nilijibu kila mmoja. Kidole kilikuwa kinajua kazi yake.

Nilichokuwa nakitafuta ndani ya ile simu ni sauti ya mama. Nilipekua kote. Nilikuwa na picha za vyakula, za miguu yangu, za mawingu, video za watu nisiowajua wakicheza. Sauti ya mama sikuipata hata sehemu moja. Sababu yake ni ndefu kidogo, na inaanzia dunguni.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Unapanda kwa ngazi. Mpunga ukianza kubeba watu huhamia huko, wanalala huko, wanapika huko, kwa sababu ndege wanakuja alfajiri, ngedere mchana na nguruwe usiku, na mwaka mwingine kiboko. Maji ya masika yakijaa chini, dungu linabaki kavu. Nimekulia dunguni nusu ya utoto wangu. Madungu yamesimama mbalimbali bondeni, kila mtu na shamba lake, na jua linapozama unahisi umebaki peke yako duniani.

Ndiyo maana palikuwa na mwito. Jua likigusa miti, aliye dungu la mwisho upande wa juu anaweka mikono mdomoni na kuita, "Mpooo?" Aliye dungu linalofuata anajibu, "Tupooo!" kisha naye anageuka, anamwita wa mbele yake. Hivyo hivyo mpaka mtoni. Hakuna habari nyingine ndani yake. Haulizwi mtu mpunga wake vipi wala mgonjwa wake vipi. Mpo, tupo, basi. Lakini ukiita mara tatu usijibiwe, unawasha tochi, unashuka na kwenda. Hapo hamna uvivu wala kusingizia giza. Huenda ni nyoka, huenda ni homa, huenda ni mtu ameteleza kwenye ngazi. Watu wamewahi kuokolewa hivyo. Mama mwenyewe alinizaa dunguni, na aliyempokea mtoto ni jirani aliyekuja kwa kuwa hakujibiwa.

Mnara wa simu ulipokuja waliujenga kwenye kiinuko kilichopakana na shamba letu. Ni pahali pazuri, maji hayafiki. Ndiyo maana zamani maji yakizidi watu walikuwa wakikimbilia pale na kuku wao. Sasa pamezungushiwa seng'enge, na ndani yake mna jenereta linalonguruma kutwa kucha, maana umeme wa nguzo haujafika; la kwanza lilikuwa dogo, baadaye wakaleta kubwa zaidi. Wageni huuliza tunalalaje na kelele ile. Ukizoea hulisikii tena, na ubaya wake ni huohuo.

Chini ya mnara kikazaliwa kibanda cha kuchajia simu. Simu zinapangwa kwenye ubao kama dagaa, zinachajiwa kwa betri za gari na sola. Betri hazidumu. Zikifa zinatupwa nyuma ya kibanda, upande wa shamba letu, kwa sababu upande wa mbele ni njia ya wateja. Wavuvi wakagundua kwamba ndani mna madini ya risasi. Wanakuja wanazipasua kwa shoka, ile tindikali wanaimwaga majanini, risasi wanaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kuimimina kwenye vishimo vya mchanga, wapate vizito vya nyavu. Moshi wake una ladha. Ukiuvuta unahisi umelamba kijiko.

Pembe ile ya shamba ikaanza kubadilika. Mpunga unaota, unafika magotini, unageuka manjano na kusimama hapo hapo. Kidimbwi kilichokuwa na kambare kikawa hakina kitu, na vyura wa upande ule wakanyamaza, jambo ambalo mama ndiye aliyeligundua. Aliniambia mpunga wa pembe ile umekuwa kama mtoto wa malaria, unampa dawa, anakutazama tu. Lakini kila msimu aliupanda tena. Nilimwambia aache kile kipande. Akasema hawezi kupanda shamba zima na kuruka mahali pamoja, shamba litaona haya.

Kuhusu mwito, madungu yalianza kunyamaza moja baada ya jingine. Mtu ana simu, apasue kifua cha nini? Akitaka kujua kama jirani yupo anampigia, na mara nyingi hapigi. Mwisho walibaki wawili: mama, na mama mmoja wa rika lake ambaye dungu lake liko ng'ambo ya kijito. Huyo hatuna udugu naye, lakini tangu utoto tumemwita mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekuja dunguni usiku ule nilipozaliwa.

Halafu jioni moja mama akaita, hakujibiwa. Akaita mara tatu. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kumsumbua, lakini akawasha tochi, akavuka kijito maji yakimfika mapajani, akaenda. Akamkuta mama mkubwa yuko kwenye kinu anatwanga, anaimba. Mama aliniambia alisimama kwenye mpunga, akamtazama, kisha akageuka na kurudi bila kujionyesha.

"Mzima kabisa," aliniambia nilipokuja kumtembelea. "Ila hajibu. Siku hizi hawajibu."

Nilimuuliza kwa nini hakumsemesha. Akanitazama kama nimesema upumbavu. Mtu asipokujibu humwulizi kwa nini, ndivyo alivyolelewa. Ukimwuliza umejishusha. Waliendelea kukutana kwenye mazishi na harusi, wakasalimiana, wakaulizana habari za miguu. Hilo hawakuligusa. Na mama hakuacha kuita. Kila jioni alisimama mlangoni pa dungu akaita, akasikiliza lile jenereta, kisha akaketi. Alisema anaita kwa mazoea, kama mtu anayefagia uwanja ambao hakuna anayekuja.

Ni baada ya hapo ndipo alipomwambia kaka amfundishe simu. Tulimnunulia kitochi. Akajifunza jambo moja tu: kunibipu. Jua likizama, simu yangu ya Kibiti ilikuwa inalia mara moja na kukata. Ndiyo "Mpo?" yake. Nami nikambipu, mara moja, nikakata. Ndiyo "Tupo." Tulifanya hivyo miaka. Sisi wenyewe tulikubaliana, hakuna aliyemkwepa mwenzake, na tulijivunia akili yetu. Siku ya kukutana tulizungumza vizuri. Lakini jioni zote zile, mamia kwa mamia, kilichopita kati yangu na mama ni mlio wa simu, ule ule wa kila mtu anayenipigia. Ndiyo maana sauti yake sikuwa nayo.

Siku ya hitima, watu walipokwisha kula na vyombo vikawa vinaoshwa, mtani wetu akasimama.

Mtani wa kwetu msibani hafiwi. Yeye ana kazi. Akitaka huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, huwatukana wafiwa na kuita maiti mzoga. Hunyakua chochote anachokiona, kiatu, mkoba, hata mtoto, na hakirudishi mpaka kikombolewe. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Huyu wetu ni mwanamke wa makamo, mnene, mwenye uso wa upole unaodanganya. Alitoka ndani amejifunga kanga ya mama, ameshika mkongojo wa mama, anachechemea kwa mguu wa kushoto barabara kama mama alivyochechemea. Watu wakaanza kucheka hata hajasema neno. Akatoa kile kitochi, akakishika juu chini, akakipigia kelele kama anayefukuza kwelea.

"Haloo! Mbona hunisikii? Au umewekwa mbali?"

Uani wakaanguka kicheko. Simu zikainuka kurekodi, na nikajikuta nami nimeinua yangu. Kwenye kioo nilimwona mdogo na safi.

Kisha mtani akapindua kinu, akapanda juu yake. Akaweka mikono mdomoni, akaita, "Mpooo?" Aliipata. Aliipata mpaka ile mikunjo ya mwishoni. Kicheko kikapungua. Alisubiri, akaita tena, na hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua kama ni mchezo wa kuitikia au wa kutazama. Akaita mara ya tatu. Akashuka. Akawasha tochi mchana kweupe, akaanza kutembea katikati ya mikeka, anapanga miguu kama mtu aliye majini, anatenganisha mpunga usiokuwepo. Alipita kwa shangazi. Alimpita kaka. Akaja mpaka kwangu, akashusha ile simu niliyoinua, akanimulika usoni. Akaniinua ukope kwa kidole gumba. Akaweka kiganja kifuani pangu, akasikiliza.

"Jamani," akawaambia watu, "dungu lisilojibu ni hili. Mtu nimemkuta kakaa, macho kodo. Ila sijui kama yu hai."

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Nilisubiri kicheko kinifikie, au kile kingine. Mtani akainama karibu, na safari hii sauti haikuwa ya mchezo.

"Upo?"

"Sijui, mtani," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo. Kisha akaninyang'anya simu na kuitumbukiza kifuani mwake, akatangaza mbele ya wote kwamba fedha zangu za mjini hazitaki. Nikitaka simu yangu nikapande dungu la mama jioni ile ile na kuita. Hicho ndicho kikombozi. Watu wakapiga makofi. Shangazi akasema ni haki, na tena kuna sufuria na mkeka wa marehemu huko, havijaletwa.

Tukaenda wawili, baada ya alasiri. Njiani mtani hakusema mengi, kazi yake ilikuwa imekwisha na miguu ilikuwa inamuuma. Tulipita nyuma ya kibanda cha kuchajia. Betri zilikuwa zimelundikana, na ardhi pale ina ukoko mweupe kama chumvi. Kwenye ile pembe mpunga wa mama ulikuwa umesimama, manjano, wa kimo cha magoti. Alikuwa ameupanda tena. Palizi yake ilikuwa safi kuliko shamba zima.

Nikapanda ngazi. Dunguni mambo yote yalikuwa mahali pake: sufuria imefunikwa, mkeka umekunjwa, kamba za kutishia ndege zimefungwa kwenye nguzo pale mkono wake ulipozoea. Nilisimama mlangoni. Sasa nilikuwa nalisikia lile jenereta. Lilikuwa karibu mno, likitetemesha mpaka mbao za sakafu, na nikajiuliza mama alikuwa anasikilizaje kitu chochote akiwa pale.

Mara ya kwanza sauti ilitoka nyembamba, maana kazi yangu ni ya kimya. Mtani akanicheka kutoka chini. Mara ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu ilitokea tumboni, nikaiacha iende mpaka pumzi ikaisha. Kisha nikasikiliza. Jenereta tu. Mtani akasema yatosha, akanyoosha mkono na simu yangu. Lakini nilikuwa nimeanza, na sikuona sababu ya kuacha. Nikaita tena, na tena.

Ndipo nilipoona mtu anakuja. Alitokea ng'ambo ya kijito, mwanamke, kanga ameikunja mapajani, fimbo mkono mmoja na tochi mkono mwingine, tochi inawaka ingawa jua lilikuwa halijazama. Alikuja polepole, anatafuta pa kukanyaga. Alipofika chini ya ngazi nikamjua. Alikuwa amekuja msibani siku ya mazishi, lakini ndege hawasubiri matanga, alikuwa amerudi kulinda mpunga wake.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku anahema, akapanda ngazi moja moja mpaka akafika juu, akakaa mlangoni, miguu inachuruzika maji.

"Kumbe weye," alisema. "Nimesikia mwito wa marehemu, nikajibu. Ukaita, nikajibu. Ukaendelea kuita. Nikasema huyu hasikii, ana lake, ngoja niende."

Nilimwambia sikusikia jibu lolote. Akashangaa. Akasema kule kwake ni kimya, mwito wa dungu hili unafika mzima mzima.

"Miye nikimjibu mama yako kila siku," akasema. "Kila siku ya Mungu, mpaka ile jioni ya mwisho. Wenzetu waliacha, siye hatukuacha."

Alisema hayo kwa majivuno kidogo, anakamua maji kwenye pindo la kanga. Kisha mkono ukasimama. Akageuza kichwa kuelekea kwenye mnara. Hakuwa amepanda dungu letu tangu ulipojengwa. Alisikiliza kwa muda, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Niliona jambo linavyomwingia.

"Mwanangu," akaniuliza, "mama yako akinisikia?"

Kazi yangu ni hiyo, kuamua. Kila siku naamua kuondoa au kuacha, wala kidole hakisiti. Pale nilishika nguzo ya dungu, ile yenye kamba. Nilimwona mama amesimama gizani kwenye mpunga, maji yamemlowesha, anamtazama rafiki yake anatwanga, anageuka. Nikaona jioni zote alizoita na kuketi. Nikaona haya, nikaona hasira, nikamwonea mama huruma.

"Akikusikia, mama mkubwa," nikasema. "Kila siku."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaweka mkono wake wa maji juu ya mguu wangu.

Nikaanza kulia. Nililia kama wanavyolia barabarani, kwa sauti, bila kuziba mdomo. Mtani alikuwa chini anazungusha simu mkononi, anatazama kijito, nadhani hakusikia kitu. Jenereta lilikuwa linanguruma. Lakini mama mkubwa alikuwa karibu nami, akanisikia.